«HAKI YA MUNGU!» MANENO YANAYOTOKA KINYWANI BILA KUULIZWA



Katika kabati ya vitabu ya shule yetu kuna vitabu vidogo vya Kiingereza ambavyo wamisionari waliviacha zamani. Karatasi zake zimekuwa na rangi ya chai, na vingine havina jalada tena. Ndani yake vijana wa Kiingereza wanaanguka majini, wanapanda miti, wanafukuzwa na mbwa, na kila mara wanapaaza sauti: «Gosh!» «Golly!» «Crikey!» «By Jove!» Ukitafuta maneno hayo katika kamusi ndogo ya kalasi, hauyakuti, ao unakuta tu kwamba ni neno la mshangao. Lakini mshangao wa nini? Tulimwuliza mwalimu wetu wa Kiingereza. Alicheka, akaweka chaki chini, kisha akatufundisha saa nzima juu ya maneno hayo.

Ninaandika juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni elimu nzuri, na inafaa hata wale ambao hawapendi somo la Kiingereza. Ya pili, kamati ya wanafunzi imeletewa shauri kwamba kila mwanafunzi anayesema «Haki ya Mungu» katika interna aadhibiwe: achote bidoni mbili za maji. Wengine wanakubali, wengine wanakataa. Kabla kamati haijakata neno, ninaomba tuelewe kwanza maneno haya ni nini na yametoka wapi.

1. WAINGEREZA WALILIFICHA JINA

«Gosh» ni jina la Mungu katika Kiingereza, «God», lililopindwa mwisho wake. «Golly» vilevile. «Gee» ni mwanzo wa jina la Yesu kama Waingereza wanavyolitamka. «Crikey» na «Cripes» ni Kristo. Yaani wale vijana wa vitabuni, walipoanguka majini, walikuwa wanamwita Bwana, lakini kwa jina lililovikwa nguo ya kujificha.

Sababu yake ni amri ya tatu, ile ya Kutoka 20:7, inayokataza kulitaja bure jina la Mungu. Watu waliijua amri. Lakini kinywa cha mtu kikishtuka hakingoji amri. Zamani Waingereza waliapa wazi kwa damu ya Mungu, kwa majeraha ya Mungu, yaani damu na majeraha ya Yesu pale msalabani. Walipoogopa, hawakuacha kuapa: walifupisha. Neno la ajabu «Zounds», ambalo mtu akilisikia anafikiri ni jina la dawa, ni «majeraha ya Mungu» yaliyobanwa pamoja. «Blimey» ni sala mbaya kabisa: «Mungu anipofushe!»

Serikali nayo iliingia katika jambo hili. Mwaka 1606, wakati wa mfalme James wa Kwanza, bunge la Uingereza lilitoa sheria juu ya waigizaji wa michezo ya kuigiza: anayelitaja kwa mzaha jina la Mungu, ao la Yesu Kristo, ao la Roho Mtakatifu, ao la Utatu, mbele ya watazamaji, alipe paundi 10 kwa kila kosa. Wakati ule hizo zilikuwa feza nyingi sana kwa mwigizaji. Ni mfalme yuleyule ambaye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inaitwa kwa jina lake. Alama ya sheria ile inaonekana mpaka leo. Mchezo wa Shakespeare unaoitwa Othello ulichapwa mwaka 1622 ukiwa na viapo vingi ndani yake. Ulipochapwa tena mwaka 1623 katika kitabu kikubwa cha michezo yake, viapo vingi vilikuwa vimetolewa.

Je, Waingereza wakawa watakatifu? Hapana. Walitafuta njia za pembeni. Wengine walisema «By Jove». Jove ni jina lingine la Jupiter, mungu mkubwa wa Warumi wa zamani. Ili wasimtaje bure Mungu wa kweli, wakaapa kwa sanamu! Hapo kalasi yote ilicheka.

Lakini tulinyamaza mwalimu alipoandika ubaoni neno la mwisho: «Strewth». Ni neno la watu wa kawaida, na maana yake ni «kweli ya Mungu». Mmoja wetu kutoka nyuma akapaaza sauti: «Kumbe ni Haki ya Mungu!» Njo vile. Neno tunalolisema sisi hapa katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, Waingereza nao walikuwa nalo, nao pia walilikunja mpaka likasahau lilikotoka.

2. WAFARANSA NA RANGI YA BULUU

Mtu asifikiri ni ugonjwa wa Waingereza peke yao. Katika masomo ya Kifaransa tunakuta «sacrebleu», «parbleu», «morbleu». Wengi wetu tunafikiri ni habari ya rangi ya buluu. Haina uhusiano na rangi hata kidogo. «Bleu» imewekwa pahali pa «Dieu», kwa sababu masikioni inafanana nayo. «Parbleu» ni «kwa Mungu». «Morbleu» ni «kwa kifo cha Mungu». «Diantre» ni «diable», yaani Shetani, naye akafichwa. Na yule anayesema «nom d'un chien», kwa jina la mbwa, amemtoa Mungu na kumweka mbwa pahali pake. Mimi sijui kama hiyo ni heshima zaidi.

Wanasimulia habari ya mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa, aliyetawala kutoka mwaka 1589 mpaka mwaka 1610. Alikuwa na desturi ya kusema «jarnidieu», maana yake «ninamkana Mungu». Padri aliyepokea maungamo yake, Mjezuiti aitwaye Coton, alihuzunika na kumwomba aache. Mfalme akajibu kwamba hana jina lingine lililozoea kinywa chake kama lile la Mungu, isipokuwa jina la padri mwenyewe. Basi, akasema padri, mkane Coton. Hivyo lilizaliwa neno «jarnicoton», nalo limo katika kamusi kubwa za Kifaransa.

Wale waliosoma vitabu vya Tintin wanamjua Kapiteni Haddock na «mille sabords» yake. Sabords ni matundu ya ubavuni mwa meli ambamo mizinga ilitokea. Mbelgiji Hergé, aliyemleta Haddock katika kitabu cha mwaka 1941, alikuwa anaandika kwa watoto, na baharia wa kweli hasemi maneno ya watoto. Basi akamjaza mdomo maneno makubwa yasiyo na kosa. Hiyo nayo ni njia ya kujificha, na labda ndiyo nzuri kuliko zote, maana haimgusi Mungu wala jirani.

3. NA SISI TUMETOA WAPI YA KWETU?

Kutoka siku ile nilianza kusikiliza vinywa vyetu wenyewe: uwanjani, kwenye foleni ya chakula, sokoni, hata mlangoni pa kanisa. Nimeona kwamba mshangao wa mtu wa kwetu ni kama gunia la mfanyabiashara: mna vitu vya kila nchi.

«Haki» ni neno la Kiarabu, maana yake ukweli na sawa. Lugha yetu ya Kiswahili ilifika huku katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara waliotoka pwani na Unguja, wakafanya makao Nyangwe na Kasongo katika Maniema. Maniema ni jirani ya Walikale. Walileta vitambaa, bunduki na utumwa, na lugha yao ilikuja na viapo vyake. «Wallahi» ni «kwa Mungu». «Yarabi» ni «Ee Bwana wangu». «Lahaula», ambayo wazee wengine wanaisema wakisikia habari mbaya, ni mwanzo wa maneno ya Kiislamu yanayosema kwamba hakuna uwezo wala nguvu isipokuwa kwa Mungu. Hata shemasi mzuri wa kanisa letu anaweza kusema maneno haya, asijue kwamba ametamka sala ya Waislamu, tena sala yenye kweli ndani yake.

«Masikini!» tunayoisema tukimwona mtu mwenye taabu, nayo ni ya Kiarabu. Ajabu yake ni kwamba neno hilohilo lilivuka bahari, likapita kwa Wahispania na Waitalia, likaingia katika Kifaransa na kuwa «mesquin». Lakini kule likabadilika tabia: kwetu ni mtu wa kuhurumiwa, kwao ni mtu mwenye roho ndogo. Na «aksanti» yetu imetoka katika neno la Kiarabu linalosema «umefanya vizuri».

Katika milima ya Masisi, pahali pa ng'ombe, wanaosema Kinyarwanda wana mshangao wao: «Yampaye inka!» Maana yake, «alinipa ng'ombe». Zamani aliyekupa ng'ombe alikufunga naye kwa urafiki na heshima kubwa. Kwa hiyo kumtaja yeye ni kusema: siwezi kudanganya nikimtaja mtu wa namna hii. Wengine wanasema «Mana yanjye», Mungu wangu. Wanaotoka Kinshasa ao Kisangani wanasema «Nzambe na ngai», ni lilelile. Wanyanga wa Walikale walikuwa na jina la Ongo kwa Mungu kabla mmisionari wa kwanza hajafika.

Na iko neno moja ambalo halikuletwa na msafara wowote. Mtu akichomwa na moto, akipigwa na mwiba, akishtuka usiku, anaita «Mama!» Mhunde, Mnyanga, Mtembo, Mhutu, Mtutsi, Mkumu, wote ni sawasawa. Waitalia nao wanasema «Mamma mia». Mzee mwenye mvi ambaye mama yake amelala kaburini miaka 40, akijigonga kidole kwa nyundo, anamwita yeye.

4. VIKAPU VINNE

Nilipoyakusanya maneno haya, niliona kwamba hayafai kuwekwa yote katika kikapu kimoja. Mimi ninayagawa katika vikapu vinne.

Kikapu cha kwanza ni KILIO. «Mungu wangu!» «Yesu!» «Mama yangu!» Kuna watu wanaosema kwamba kila «Mungu wangu» ni kuvunja amri ya tatu. Siwezi kukubali. Zaburi ya 22 inaanza kwa kilio cha namna hiyo, na Bwana Yesu mwenyewe alikipaaza msalabani. Marko 15:34 inatuonyesha kwamba hakukisema kwa Kigiriki wala kwa Kilatini cha askari, alikisema kwa lugha ya nyumbani kwao. Katika maumivu mtu anarudi kwenye lugha ya mama yake. Mama ambaye ameacha shamba na nyumba, anatembea njiani akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akisema «Mungu wangu», huyo hatupi jina bure. Anaomba, na maombi yake ni mafupi kuliko ya kwetu na labda yanafika mbele. Lakini anayesema vilevile kwa sababu mpira umepita juu ya goli, huyo ajiulize mwenyewe.

Kikapu cha pili ni BARAKA. Haya ni maneno ambayo tunayatupa kila siku bila kuona hazina iliyo ndani. «Goodbye» ya Waingereza ni «Mungu awe nanyi» iliyofupishwa. «Adieu» ya Wafaransa ni «kwa Mungu», yaani ninakuacha mikononi mwake. «Kwa heri» yetu ni «kwa mema». Yasiachwe, yasemwe polepole.

Kikapu cha tatu ni LAANA. «Nikufe sasa hivi kama ni bongo!» «Radi inipige!» Hii ni «Blimey» ya kwetu. Anayeisema katika milima yetu, pahali ambapo radi inapiga kweli na inaua watu na ng'ombe, ana ushujaa wa kijinga.

Kikapu cha nne ni KIAPO, na hapo ndipo kuna «Haki ya Mungu».

5. KULA KIAPO

Katika Kiswahili hatusemi «kusema kiapo», tunasema «kula kiapo». Kwa nini kula? Kwa sababu zamani, kwa watu wengi wa Afrika ya kati na ya mashariki, kiapo kilikuwa kitu cha kuingia tumboni. Mtu aliyeshitakiwa wizi ao uchawi alipewa dawa kali ya miti. Akiitapika, hana kosa. Ikimwua, watu walisema: unaona, alikuwa mwongo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaonyesha maana zote mbili za kiapo: maneno ya kuapa, na ile dawa ya kujaribu mtu. Na «kula yamini» nayo: yamini katika Kiarabu ni mkono wa kuume, ule unaoinuliwa mbele ya hakimu.

Kwa hiyo kiapo ni kitu kizito. Ni kumwita Mungu aje kuwa shahidi, na kukubali apige kama ni uongo. Tukimwita juu ya kipande cha sabuni, hatumheshimu.

Lakini tuseme ukweli: juu ya nini mwanafunzi anaapa? Nimefikiri sana, na jibu langu ni hili: anaapa kwa sababu haaminiwi. Katika nyumba moja ya kulala, taa ndogo ya jua ya mwanafunzi ilipotea. Wakubwa wa chumba waliwasimamisha wote na kuwauliza mmoja mmoja. Kila mmoja alisema: «Haki ya Mungu, sikuiona.» Mmoja tu alisema: «Hapana. Sikuibeba.» Wakamwambia: apa! Akajibu: «Nimekwisha kusema.» Kutoka saa ile yeye ndiye alikuwa mwizi. Siku nne hakuna mtu aliyekaa naye kwenye meza. Siku ya tano mdogo wa mwenye taa alikuja kutoka nyumbani akiileta: alikuwa ameibeba mwenyewe siku ya soko, hakumwambia ndugu yake.

Nilimwuliza yule kijana, kwani tunakaa pamoja kalasini, juu ya nini hakuapa tu ili mambo yaishe. Alinijibu hivi: «Kama mnakatala neno yangu, Mungu njo atakuya kuwa shahidi ya taa?»

Tangu hapo ninaisoma habari ya Petro kwa macho mengine. Fungueni Matayo 26, mistari ya 69 mpaka 75. Mara ya kwanza kijakazi anamwuliza, Petro anakana kwa neno tupu. Mara ya pili anakana kwa kiapo. Mara ya tatu anaanza kujilaani na kuapa. Muone ngazi hiyo: neno, kiapo, laana. Anavyozidi kusema uongo, ndivyo maneno yake yanavyozidi kuwa makubwa. Katika ua ule wa kuhani mkuu, aliyeapa ndiye aliyekuwa anadanganya.

Na Bwana alikuwa amekwisha kuwafundisha. Katika Matayo 5:33-37 anawakataza wasiape hata kidogo: si kwa mbingu, si kwa dunia, si kwa Yerusalemu, si kwa kichwa chako. Zamani nilijiuliza juu ya nini anataja vitu hivi vyote. Sasa ninaelewa. Watu wa wakati ule walikuwa na «Gosh» na «parbleu» zao. Waliogopa kulitaja Jina, wakaapa kwa mbingu. Yesu anawaonyesha kwamba mbingu ni kiti cha Mungu, kwa hiyo kujificha hakusaidii. Kisha anatoa dawa yake, nayo ni fupi: kama ni ndiyo, iwe ndiyo; kama ni sivyo, iwe sivyo.

Mwingine atasema: lakini Paulo anamwita Mungu kuwa shahidi katika 2 Wakorinto 1:23, na Waebrania 6 inaonyesha Mungu mwenyewe akiapa. Ni kweli. Ndiyo sababu makanisa mengi yanakubali kiapo mbele ya hakimu, katika jambo kubwa. Lakini Paulo hakuapa juu ya taa, wala juu ya goli.

Kuna Wakristo waliolichukua neno la Matayo jinsi lilivyo: Waquaker, ambao huku kwetu wanaitwa Kanisa la Marafiki, nao wako katika Kivu ya kusini. Katika Uingereza ya karne ya 17 walikataa kuapa hata mahakamani. Walisema: nikiapa hapa kwamba nitasema kweli, ni kama kukubali kwamba nje ya hapa ninaweza kusema uongo. Wengi walifungwa gerezani kwa sababu hiyo. Lakini kuelekea mwisho wa karne ile, sheria iliwaruhusu kutoa neno la uhakikisho pahali pa kiapo. Na madukani mwao waliweka bei moja kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, bila kubishana. Watu waliwacheka kwanza, kisha wakapenda kununua kwao, maana hata mtoto akitumwa hakudanganywa.

6. NENO LILILOPOTEZA BEI

Mimi ni mtoto wa nchi hii, ninajua kwamba kutoaminiana hakukuanza katika interna. Wazazi wetu wanasimulia mwaka 1993, vita vilivyoanza Ntoto katika Walikale na kupanda mpaka Masisi, majirani na majirani. Wanasimulia mkutano mkubwa wa amani wa Goma wa mwezi wa kwanza, mwaka 2008: tarehe 23, vikundi vyenye silaha viliweka sahihi na kuahidi kuacha kupigana. Kabla mwaka haujaisha, watu walikuwa tena njiani na mikeka yao. Baada ya hapo tumesikia ahadi zingine, na sahihi zingine.

Neno ni kama feza. Likitolewa mingi bila kitu nyuma yake, bei yake inaanguka, na kila mtu anadai noti kubwa zaidi. Hivyo ndivyo tulivyofika hapa: ndiyo haitoshi, kweli haitoshi, tunadai «Haki ya Mungu». Na sasa hata hiyo haitoshi, tunadai radi.

7. SHAURI LANGU KWA KAMATI

Ninarudi kwenye bidoni mbili za maji. Ndugu zangu, sheria hii ilikwisha kujaribiwa. Ilijaribiwa mwaka 1606, na faini yake ilikuwa kubwa kuliko maji. Haikuleta ukweli, ilileta maneno ya kujificha. Sisi nasi tutajificha, tena njia imekwisha kutengenezwa: wenzetu wa Kenya na Tanzania wanasema «Haki ya nani!», na kiapo kinabaki kilekile bila Jina. Mtoto mwerevu wa mwaka wa kwanza ataijua kabla ya siku ya pili, na bidoni zitabaki tupu.

Kwa hiyo ninaomba kamati iandike sheria nyingine pahali pa ile. Isiwaadhibu wanaoapa, iwakataze wanaoapisha. Yaani: katika vyumba vyetu, mtu yeyote asilazimishwe kuapa juu ya kitu kilichopotea. Akisema hapana, hapana yake ipokelewe kama hapana mpaka ushahidi upatikane. Na akionekana kwamba alidanganya, aadhibiwe kwa ajili ya uongo na wizi, si kwa ajili ya neno. Tukianza kumwamini mtu kwa neno tupu, atapata sababu ya kulilinda neno lake. Asiyeaminiwa hana kitu cha kupoteza.

Na wale waliopenda habari hii ya maneno, ninawapa kazi ya likizo. Mkifika nyumbani, muwaulize nyanya na babu: kabla ya Kiswahili, mtu wa kwetu akishtuka alisema nini? Akiapa, aliapa kwa nani: kwa mwami, kwa mlima, kwa ng'ombe, kwa mama yake? Mwandike maneno ya Kihunde, ya Kinyanga, ya Kitembo, ya Kinyarwanda, ya Kikumu, pamoja na maana yake jinsi mzee alivyoieleza, mlete kwa wanaotengeneza gazeti letu. Vitabu vya Waingereza vimeandika «Gosh». Maneno ya nyanya zetu hayako bado katika kabati yetu ya vitabu, na nyanya hawangoji.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Pedagojia